Sungura na Maji: Chombo Kipi Kiingie Bandani?

Banda la sungura katika kambi ya askari aghalabu huanza kwa mbao za masanduku, wavu wa waya na bati lililobaki mahali fulani. Linapokamilika, mwenye nyumba hukata jerikeni kuukuu katikati, hujaza maji ile nusu ya chini, huiweka mbele ya wanyama wake na kuhesabu kwamba kazi imekwisha. Asubuhi yake chombo kimepinduliwa, sakafu imelowa, ukingo wa plastiki umetafunwa, nao sungura wamelala wakihema. Hapo ndipo swali la chombo cha maji linapoanza, nalo ni swali zito kuliko linavyoonekana, maana banda lenye chakula kizuri na maji mabaya halimpatii mfugaji hata shilingi moja.

Wapo watu wazima, na baadhi yao ni wafugaji wa miaka mingi, wanaoshikilia kwamba sungura hanywi maji. Kauli hiyo ina chanzo chake. Wakati wa mvua, majani mabichi ya viazi vitamu, kishonanguo na nyasi changa huwa na maji mengi, pengine sehemu nne katika tano za uzito wake, na sungura wanaoyala kwa wingi huonekana kweli kutojali kopo. Lakini majani hayo yakishanyauka juani hayana tena cha kuwapa, na kaskazini ya Uganda, huko Gulu, Kitgum na Moroto, ukavu huanza mwezi wa Desemba na kuendelea hadi Machi. Isitoshe, mfugaji anayelisha pumba au chakula kikavu cha kununua hawezi kutegemea umande. Sungura aliyenyimwa maji kabisa huku akipewa chakula kikavu tu, huacha kula katika muda wa saa 24. Mwenye banda huona chakula kimebaki, hufikiri mnyama anaumwa, huenda kutafuta dawa. Kumbe dawa yenyewe iko bombani.

Kiasi anachohitaji kinaweza kukadiriwa bila taabu. Sungura mzima hunywa baina ya mililita 50 na 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa kutegemea joto na aina ya chakula. Basi dume la kilo 3 laweza kutosheka na kikombe kimoja cha chai siku ya baridi, na kuhitaji viwili siku ya jua kali. Jike mwenye watoto ni habari nyingine kabisa. Katika wiki ya tatu baada ya kuzaa hutoa maziwa mengi kuliko wakati wowote, gramu 200 au zaidi kwa siku, na maziwa hayo hayatoki hewani. Watoto nao wakitoka katika sanduku la kuzalia, yapata siku ya 18 hadi ya 21, huanza kuonja maji wenyewe, hivyo jike na wanawe saba au wanane kabla ya kuachishwa wanaweza kumaliza lita 2 na hata 3 kwa siku moja. Nyumba yenye dume mmoja, majike watatu ambao mmoja wao ananyonyesha, na vijana kumi wanaosubiri soko, itatumia lita 5 au 6 za kunywa, na lita nyingine 1 au 2 za kuoshea vyombo. Hiyo ni kama theluthi ya jerikeni ya lita 20. Kwa mtu mwenye bomba mlangoni ni kitu kidogo. Kwa mama anayepanga foleni alfajiri pamoja na wake wenzake wa kambi, ni hesabu ya kufanywa kabla ya kununua jike wa nne.

Chombo cha kale na kilicho rahisi kuliko vyote ni bakuli la udongo wa mfinyanzi. Liwe zito, lenye kitako kipana kuliko mdomo, ili sungura akilikanyaga lisipinduke, na liwe limechomwa barabara. Maji ndani yake hukaa baridi, kwa sababu udongo huvuja jasho kidogo na jasho hilo likikauka huondoa joto, jambo ambalo kila mwenye mtungi nyumbani analijua. Sungura wenyewe wanalipenda bakuli. Utafiti uliofanyika Zurich, Uswisi, na kuchapishwa mwaka 2011, uliwapa sungura hiari baina ya chombo kilicho wazi na chuchu ya maji, nao wakachagua chombo kilicho wazi. Si ajabu: mnyama huyu kwa maumbile hunywa kwa kuinamisha kichwa, na katika bakuli hupata maji mengi kwa muda mfupi.

Ubaya wa bakuli ni uchafu. Sungura huingiza miguu, hudondosha kinyesi na pumba, na vitoto vidogo vyaweza kutumbukia. Katika kinyesi hicho ndimo hukaa vijidudu vya koksidia, viletavyo ugonjwa wa kuhara na kuvimba tumbo ambao huwaua sungura wachanga, hasa baada ya kuachishwa maziwa. Mayai ya vijidudu hivyo yanapotoka na kinyesi hayajawa tayari kuambukiza. Yanahitaji unyevu, hewa na joto kwa muda wa siku moja hadi tatu hivi ndipo yakomae. Kwa hiyo bakuli linalooshwa kila siku na kuanikwa juani huikata njia ya ugonjwa kabla haijafunguka, ilhali bakuli linaloongezwa maji juu ya maji kwa juma zima ni kitalu cha maradhi. Mwenye busara huwa na mabakuli mawili kwa kila kizimba, moja likiwa kazini na jingine likiwa juani. Tena jike mnene, mwenye ukunjo wa ngozi chini ya kidevu, akichovya ukunjo huo kila anywapo hupata vidonda. Dawa yake ni bakuli lenye mdomo mwembamba, au kuliinua juu ya tofali lililolazwa.

Kopo la bati hufaa kwa siku chache tu, kabla ya kutu na kabla ya ukingo wake kukata ulimi. Likitumiwa, lifungwe kwa waya kwenye pembe ya kizimba. Kuhusu nusu ya jerikeni imekwisha kusemwa.

Baada ya bakuli huja chupa iliyopinduliwa. Wengine hutumia chupa ya soda yenye lita moja au zaidi, iliyofungwa kwa waya nje ya wavu, mdomo wake ukiingia katika kisahani na kukaa chini kidogo ya ukingo wa kisahani hicho. Watoto wa shule wanaofundishwa habari za mkandamizo wa hewa wanaweza kuueleza ujuzi huu: maji hutoka mpaka yaufunike mdomo wa chupa, kisha husimama kwa sababu hewa haina pa kuingilia, sungura akinywa, mdomo hufunuka, hewa huingia na maji kushuka tena. Chupa yenye tundu hata la sindano haitafanya kazi, kwa kuwa hewa itapita hapo na maji yote yatamwagika. Uzuri mkubwa wa chupa hii ni kwamba kiasi cha maji kinaonekana kwa macho. Mtoto wa miaka saba apitaye bandani kuelekea shuleni hutambua mara moja kwamba imebaki robo.

Ndugu yake chupa hii ni ile ya kununua madukani, yenye mrija wa chuma na gololi ndogo mwishoni. Sungura husukuma gololi kwa ulimi na tone hutoka. Hiyo yamfaa sana sungura mmoja wa kupendeza watoto, anayekaa barazani au katika kasha ndani ya nyumba, maana hailowanishi sakafu. Kwa jike anayenyonyesha haitoshi peke yake. Matone hutoka polepole mno kwa mnyama mwenye kiu ya watu wanane. Gololi nayo hukwama, na huyu mnyama asiye na sauti hatalia kama mbuzi. Aguswe gololi kwa kidole kila asubuhi na kila jioni. Chupa zote zinazopitisha mwanga hufanya utelezi wa kijani ndani. Hutolewa kwa kutia mchanga mkavu na maji kidogo, kutikisa kwa nguvu, kisha kusuuza mara mbili.

Mwisho upo mfumo wa bomba na chuchu, ambao siku hizi unasifiwa kila mahali penye mazungumzo ya ufugaji wa kisasa. Tangi dogo, au jerikeni yenyewe, huwekwa juu, kiasi cha futi 2 au 3 kupita chuchu. Bomba jembamba la plastiki hushuka na kupita nyuma ya vizimba vyote, na kila kizimba kina chuchu yake. Sungura hugusa kijiti cha chuma kwa ulimi na maji hutoka. Bomba lisiunganishwe moja kwa moja na mfereji wa mji, kwa sababu nguvu ya maji hayo hufanya chuchu zivuje au zigome kufunguka. Liwe jeusi au la rangi nzito ili mwanga usiingie, na mwisho wake uwe na kizibo kinachofunguliwa mara moja kwa juma ili maji yapite kwa kasi na kuondoa taka pamoja na hewa iliyonaswa. Chuchu ziwe kwenye kimo ambacho sungura huinua kichwa kidogo tu. Katika kizimba chenye watoto ishushwe mpaka inchi 6 hivi kutoka sakafuni, la sivyo watamwona mama yao akinywa nao wakabaki kutazama. Kwa mwenye sungura 40 au 50 mfumo huu huokoa saa nyingi za kazi na maji hubaki safi. Kwa mwenye sungura 6, ni gharama isiyokuwa na sababu.

Hata hivyo, bomba lina hila moja ambayo wauzaji hawaitaji, nayo haihusu bei. Katika kambi moja ya kaskazini, sajini mmoja alijenga banda la vizimba kumi na viwili, akafunga bomba kwa mikono yake mwenyewe, kazi safi kabisa, kisha zamu yake ikafika ya kwenda Somalia, mahali ambako askari wa Uganda wamekuwa wakipelekwa tangu mwaka 2007. Aliacha maagizo kwa mkewe: tangi lisikauke. Sungura wale walikuwa karo ya watoto wawili muhula wa Februari. Mama yule alitii. Kila asubuhi alipanda juu ya kiti, akatazama tangi, akaona maji, akashuka. Wiki ya pili ya Januari, jike mkubwa alizaa watoto tisa usiku na hata kulipopambazuka alikuwa amewala wanne. Siku mbili baadaye jike wa pili akafanya vivyo hivyo. Majirani walisema banda limetupiwa jicho. Mume akapiga simu kutoka mbali, akauliza kwa ukali kama sungura wananyweshwa.

“Tangi limejaa, baba watoto,” mkewe alijibu. “Naliona kwa macho yangu kila siku.”

Naye alikuwa akisema kweli. Tangi lilikuwa limejaa kwa sababu maji hayakuwa yakitoka. Uchafu ulikuwa umeziba bomba baada ya kizimba cha tano, na vizimba saba vilivyofuata, pamoja na vile vya majike waliokaribia kuzaa, vilikuwa vikavu kwa muda usiojulikana. Jike anayezaa huku amekauka kwa kiu huweza kuwala watoto wake. Wafugaji wameliona jambo hilo katika nchi nyingi, wala halihitaji mganga. Aliyegundua ni binti yao wa darasa la tano, ambaye hakuwa na maagizo yoyote: alichezea chuchu moja kwa kidole, ikabaki kavu, akaijaribu ya pili na ya tatu, akaenda kumwita mama yake. Vizimba vile vilipopewa maji katika mabakuli, sungura mmoja alikunywa bila kuinua kichwa mpaka bakuli likaisha. Karo ya muhula ule ililipwa nusu, na nusu nyingine ikakopwa kwa jirani.

Mama yule hakung'oa bomba. Alilisafisha, akaliacha liwahudumie vijana wa kunenepeshwa, na kwa kila jike mwenye mimba ya siku 25 na kuendelea akaweka bakuli la udongo, ingawa chuchu ilikuwepo. Binti akapewa kazi ya kugusa kila chuchu akitoka shuleni. Mpango huu ni bora kuliko ule wa sajini, na sababu yake inafaa kutafakariwa na kila nyumba ya askari. Bakuli tupu linajieleza lenyewe. Chupa tupu vilevile. Bomba lililoziba linafanana kabisa na bomba zima, na tangi lake lililojaa humdanganya mtu mwaminifu. Mahali ambapo mfugaji mmoja yupo siku zote, masikio na vidole vyake huizoea mitambo yake, na bomba halimshindi. Lakini katika nyumba ambayo baba huitwa usiku, mama ana zamu ya hospitali au duka, na leo anayelisha ni shangazi aliyekuja juzi kutoka kijijini, kazi hupita mkono hadi mkono, na chombo kinachofaa ni kile ambacho hata mgeni akikitazama atajua kama kina maji au hakina. Ikiwa ni lazima kutumia bomba, basi mwenye kulifunga amfundishe angalau mtu mmoja zaidi kulifungua na kulisafisha, na si kumwonyesha tangi tu.

Saa ya kunywesha nayo ina maana yake. Sungura ni askari wa zamu ya usiku: hula na kunywa zaidi kuanzia machweo hadi alfajiri, na mchana hulala. Wengi huwajazia maji asubuhi wakati wa kufagia, na kufikia magharibi maji hayo yamekwisha au yamepata joto. Ujazaji ulio muhimu kuliko mwingine ni ule wa jioni. Nyakati za joto kali, hasa banda linapoegemea ukuta wa bati, maji yabadilishwe pia saa sita mchana. Joto likipita nyuzi 30 sungura hupunguza kula na kuongeza kunywa, maana hana jasho la kumpoza isipokuwa masikio yake na pumzi. Waishio Kabale, ambako milima huleta baridi, wana nafuu katika jambo hili na wanaweza kujaza mara mbili tu bila hofu.

Maji yenyewe yawe yale ambayo mwenye nyumba angekubali kumpa mtoto wake. Ya mvua kutoka paa safi ni mazuri. Ya bwawani au ya kinamasi yachemshwe na kupoa. Pia jerikeni iliyowahi kuwekwa mafuta ya taa isitumike hata ikioshwa mara kumi. Sungura ana pua kali, naye hukataa kunywa bila kutoa taarifa.

Kabla ya kuchagua, yatazamwe pia mazingira ya jirani. Nyumba za bareki zimekaribiana, na chuchu inayodondosha tone moja kila baada ya muda mfupi huloweka kinyesi kilicho chini ya banda usiku kucha. Kinyesi kikavu cha sungura hakina harufu ya kusumbua na ni mbolea nzuri ya sukuma wiki. Kikilowa na kuchanganyika na mkojo hutoa harufu inayochoma macho, huleta nzi, na baada ya nzi huja mkaguzi wa usafi. Banda jingi la kambini limevunjwa kwa amri kwa sababu ya kiungio kimoja kilichokuwa kikivuja. Bakuli linalopinduka lina kosa lilo hilo.

Kisha kuna uhamisho, ambao hakuna mfugaji mwingine anayeujua kama mtu wa jeshi au polisi. Amri yaweza kufika Jumatatu na lori likafika Alhamisi. Mabakuli ya udongo hufungwa kwa majani makavu au nguo za zamani, na moja au mawili yatapasuka hata hivyo. Chupa hupakiwa bila shida. Mwenye bomba afungue chuchu zake, azitie katika mkebe pamoja na vibanio, na bomba alikunje kama kamba. Mbao zinaweza kuachwa, lakini chuchu zilizosahauliwa ukutani ndizo zitakazomgharimu huko aendako. Njiani sungura wasiwekewe maji yaliyo wazi, kwa kuwa lori litayamwaga juu yao. Wapewe majani mabichi ya viazi, na lori likisimama wanyweshwe kidogo kidogo chini ya kivuli. Ikiwezekana ipakiwe jerikeni moja ya maji ya kambi ya zamani, ichanganywe na ya huko mapya kwa siku mbili tatu za mwanzo, kwa sababu sungura wengine huyasusia maji yenye ladha ngeni, na jike mwenye watoto hana nafasi ya kususa.